Umekodi Shamba Jipya la Kuwindia Kulungu? Lipime Hivi Kabla Msimu Haujafunguliwa

Kila Novemba simu yangu inalia, na maneno ni yale yale. "Kaka, nimekaa juu ya mti siku nne, baridi imenila mpaka mifupa, sijaona hata mkia." Namuuliza alilipimaje lile shamba kabla ya kufunga kiti. Jibu nalo halibadiliki: alisaini mkataba Septemba, akaenda Jumamosi moja, akaona nyayo karibu na geti, akachagua mti mzuri, basi.

Nyayo karibu na geti zinakwambia tu kwamba kulungu alipita. Hazisemi kama alipita saa nane mchana au saa nane usiku. Hazisemi kama alikuwa anakwenda kula, kulala, au anakimbia mbwa wa jirani. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini swali langu ni moja: wanafanya nini hapa, na saa ngapi?

Natumia mfano wa jimbo la Kentucky, Marekani, kwa sababu ndiko ninakowinda, na ndiko wenzetu wengi wa Louisville, Lexington na Bowling Green wanakoishi. Chukulia ekari 160 za vilima: nusu malisho ya ng'ombe, nusu msitu wa mialoni, kijito katikati, na upande wa mashariki jirani analima soya na mahindi. Ukiwa jimbo jingine, kazi ni ile ile ila sheria zitabadilika.

Neno moja kuhusu jina. Kulungu wa nyumbani Afrika ana pembe za kudumu na ni mnyama wa ukoo mwingine kabisa. Huyu wa huku, mwenye mkia mweupe, dume wake anaangusha pembe kila mwaka majira ya baridi na kuotesha nyingine. Tunamwita kulungu kwa kuwa ndilo jina tulilokuja nalo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Ramani ya kwenye simu inayoonyesha mipaka, kama onX Hunt au HuntStand. Pakua ramani ya eneo lako kabla ya kuondoka nyumbani, maana mabondeni mtandao hukata. Mstari wa mpaka kwenye simu unaweza kupotoka mita kadhaa, kwa hiyo usiuamini peke yake.
- Nakala ya mkataba pamoja na ramani ambayo mwenye shamba ameichora mpaka kwa mkono wake na kuisaini.
- Buti za mpira zinazofika karibu na goti. Ngozi na kitambaa huacha harufu nyingi chini kuliko mpira.
- Kamera za porini, angalau mbili kwa ekari 160, pamoja na kadi za ziada na betri za lithiamu. Betri za kawaida huzimika baridi ikikaza.
- Chupa ndogo ya poda ya kupulizia hewani uone upepo unakwenda wapi. Poda ya mtoto inatosha.
- Daftari na kalamu ya risasi. Wino huganda.
- Mkanda wa usalama wa mwili mzima, hata kama leo unapanda mti kuangalia tu. Watu wengi wanaoumia katika uwindaji huu huumia kwa kuanguka kutoka mtini.
- Nguo zilizonyunyiziwa permethrini, dawa ya kuua kupe. Nyunyizia nguo, usipake mwilini, na ziache zikauke kabisa kabla ya kuvaa.

Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu ya kupe mmoja ambaye jike wake ana doa jeupe mgongoni. Kuumwa naye kunaweza kumwachia mtu mzio wa nyama nyekundu unaoitwa alfa-gal: unakula ng'ombe au mbuzi jioni, na saa chache baadaye mwili mzima unawasha, tumbo linakata, wengine hukosa pumzi. Kwa watu wa nyama choma hiyo ni adhabu kubwa kuliko kukosa kulungu. Jikague mwili kila ukirudi, nyuma ya magoti na kwapani kwanza.

## Uende lini

Februari na Machi. Majani yamedondoka, kwa hiyo unaona umbo la ardhi. Alama za madume za Novemba bado zipo. Na ukimkurupusha kulungu Februari hujaharibu kitu, ana miezi ya kukusahau. Ukimkurupusha Oktoba, huenda umemfundisha kutembea usiku mpaka msimu uishe.

Kama umesaini Agosti, usikate tamaa. Fanya hatua ya 1, 2, 5 na 6, kisha iache hatua ya 4 mpaka msimu ufungwe.

## Hatua ya 1: Maliza karatasi kabla ya msitu

Mwaka wangu wa kwanza nilikodi shamba zuri sana, lina maji, mialoni na vichaka. Jumamosi ya kwanza ya msimu wa bunduki nikiwa juu ya mti nasikia pikipiki za magurudumu manne zinanguruma bondeni. Wajukuu wa mwenye shamba. Walikuwa wakija kila mwisho wa wiki, miaka yote, na mimi sikuuliza. Mzee wa watu hakunidanganya, hakuona tu kama linanihusu.

Sasa nauliza haya, na majibu naandika mbele yake:

- Nani mwingine ana ruhusa ya kuingia, awe ndugu, jirani au mwindaji wa mwaka jana?
- Ng'ombe watakuwa upande gani Oktoba na Novemba?
- Kuna mpango wa kukata miti mwaka huu? Upande wa malisho utalimwa?
- Naruhusiwa kukata matawi, kufunga kiti, kuweka kamera, kupanda klova, yaani majani ya kuwavutia kulungu?
- Bima ya ajali ni juu ya nani?

Kisha sheria. Kentucky imegawa kaunti zake katika kanda nne za kulungu, na kanda ndiyo inayoamua majike wangapi unaweza kuchukua. Dume mwenye pembe ni mmoja tu kwa mwindaji kwa mwaka, uwe kanda yoyote. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye anatakiwa awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Msimu wa bunduki ukiwa wazi, rangi ya chungwa kichwani, kifuani na mgongoni ni lazima. Mnyama ukimpata, unamsajili siku hiyo hiyo kwenye mfumo wa Telecheck.

Halafu kuna ugonjwa wa CWD, unaoharibu ubongo wa kulungu na kumkondesha mpaka afe. Hauna tiba wala chanjo. Kentucky ulithibitishwa kwa mara ya kwanza Desemba 2023, kwa dume aliyewindwa kaunti ya Ballard, magharibi kabisa mwa jimbo. Kaunti zilizo kwenye kanda ya uangalizi wa ugonjwa huu zina masharti yake: kumwaga mahindi kuvutia kulungu hakuruhusiwi, kuna siku ambazo ni lazima upeleke sampuli, na kuna viungo vya mnyama usivyoruhusiwa kuvitoa nje ya kanda. Orodha ya kaunti hubadilika, kwa hiyo isome upya kila mwaka kwenye mwongozo wa idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo.

Onyo kwa asiye raia. Sheria ya shirikisho inamzuia mwenye viza ya muda kushika bunduki au risasi, isipokuwa akiwa ndani ya misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Asiye na hadhi halali ya kuishi nchini hana msamaha huo. Kama kesi yako ya uhamiaji bado inaendelea, ongea na wakili kabla hata ya kuazima bunduki ya rafiki.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wenye majibu yote na sahihi mbili.

## Hatua ya 2: Kaa na ramani nyumbani, jioni mbili

Kulungu mzima anaweza kutumia eneo la kama maili moja ya mraba kwa mwaka, yaani ekari 640. Jike hutumia dogo zaidi, dume kubwa zaidi hasa Novemba. Ekari zako 160 ni robo ya hiyo. Maana yake hakuna "kulungu wako". Kuna kulungu wanaotumia shamba lako kama chumba kimoja cha nyumba yao, na kazi yako ni kujua ni chumba gani: jikoni, chumba cha kulala, au korido.

Fungua picha ya setelaiti, uivute mpaka uone kilomita mbili kila upande. Jiulize chakula kikubwa kiko wapi, kichaka kizito kiko wapi, na katikati yake kuna nini. Katika mfano wetu soya iko mashariki kwa jirani na msitu uko kwetu. Hapo shamba letu lina dalili za chumba cha kulala na korido. Habari njema, kwa sababu kulungu huondoka chumbani jioni bado mwanga upo.

Google Earth ina picha za miaka ya nyuma. Zirudishe moja moja. Msitu uliokatwa miaka mitano au kumi iliyopita leo ni kichaka cha miiba na miche, ambacho binadamu hakipendi na kulungu hukipenda mno.

Kisha weka mistari ya mwinuko na utafute mambo matatu: shingo ya kilima, yaani pale mgongo unaposhuka kidogo kati ya vilele viwili, tambarare nyembamba katikati ya mteremko, na mahali msitu unapobanwa ukawa mwembamba kati ya malisho mawili. Mnyama, kama mtu mwenye mzigo, hutafuta njia isiyochosha.

Umefaulu ukiwa na vituo kumi hivi vilivyotiwa alama kwenye simu. Bila vituo utazurura.

## Hatua ya 3: Mpaka kwanza, katikati baadaye

Siku ya kwanza shambani usiingie ndani. Fuata uzio wote mpaka urudi ulikoanzia. Kuna sababu mbili: unahakikisha mpaka halisi, na unaona milango ambayo kulungu wanaingilia.

Kulungu anaweza kuruka seng'enge ya kawaida bila shida, lakini akiwa hana haraka hupita chini yake au pale waya ulipolegea. Chuchumaa uangalie waya wa chini. Utakuta manyoya yamenasa kwenye mwiba: ya kahawia yenye ncha nyeusi ni ya mgongoni, meupe marefu ni ya tumboni au mkiani. Yashike. Ni mazito na yamejipinda kidogo, na ukiukunja unywele mmoja hukatika kama nyasi kavu, kwa sababu ndani ni wazi. Ya ng'ombe hayakatiki hivyo. Chini yake ardhi itakuwa imekanyagwa mpaka ikang'aa.

Angalia pia majirani. Kiti cha mtini kilichotazama kwako, rundo la mahindi mita thelathini nje ya uzio, njia ya pikipiki: vyote viandike. Miti iliyopakwa rangi ya zambarau maana yake usivuke.

Usivuke hata kumfuata mnyama uliyemjeruhi. Omba ruhusa kwanza. Ndiyo maana namba za simu za majirani wote nazitafuta Machi, kabla sijazihitaji usiku wa manane. Ofisi ya tathmini ya mali ya kaunti, wenyewe huiita PVA, ina majina ya wenye ardhi.

Umefaulu ukijua vivuko vyote vya uzio, na ni vipi viwili au vitatu vinavyotumika kuliko vingine.

## Hatua ya 4: Soma alama, na ujue ipi inakudanganya

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Nyayo. Zinafaa kuonyesha mwelekeo na wingi. Usizitumie kuamua dume au jike. Jike mzito kwenye tope huacha alama kubwa kuliko dume mdogo kwenye udongo mkavu. Njia yenye nyayo za kwenda na kurudi ni barabara ya kila siku. Njia hafifu iliyo mita thelathini upande wa chini wa upepo, sambamba na ile kubwa, mara nyingi ni ya dume wakati wa kupandana: ananusa barabara ya majike bila kuikanyaga.

Kinyesi. Vidonge vingi mahali pamoja vya siku tofauti, vyeusi vinavyong'aa na vya kijivu vilivyopauka, vinasema mnyama anarudi hapo. Usihangaike na ukubwa wa vidonge.

Majani yaliyoliwa. Kulungu hana meno ya mbele juu, kwa hiyo hung'oa na kuacha ncha iliyochanika. Sungura hukata safi, kwa mshazari, kama kisu. Tazama kichaka kizima: kama kuanzia chini hadi usawa wa kifua chako hakuna kijani kabisa halafu juu yake majani yamejaa, kulungu ni wengi kuliko chakula. Wengine hufurahi wakiona hivyo. Mimi huona kazi: miili midogo, pembe ndogo, na majike ya kupunguza.

Michubuko ya pembe mitini. Dume husugua pembe kwenye shina. Mti mwembamba kama kidole gumba unaweza kuwa wa dume wa umri wowote, maana hata wakubwa husugua miti midogo. Mti mnene kama paja karibu kila mara ni wa dume mzima. Upande uliochubuliwa ndio alikotokea. Ukiona michubuko mitano kwa mstari, yote ikitazama kichakani, dume huyo alikuwa akitoka kulala jioni. Ikitazama shamba la soya, alikuwa akirudi asubuhi.

Machi moja nilipiga magoti mbele ya mwerezi uliochubuliwa mwaka uliotangulia. Gome lilikuwa limening'inia kama nyuzi za katani, utomvu umeganda rangi ya asali, na juu yake, usawa wa kiuno changu, kulikuwa na mitoboleo midogo miwili. Zile zilikuwa ncha za pembe. Chini yake kovu la zamani, limeshapona. Na chini tena, la zamani zaidi. Mti mmoja, miaka mitatu. Stendi yangu bora, yaani kiti changu cha mtini, iko hatua arobaini kutoka pale mpaka leo.

Maparuo chini ya tawi. Dume hukwangua majani chini mpaka udongo uonekane, hukojolea hapo, na juu yake kuna tawi linaloning'inia analolitafuna na kulisugua usoni. Tawi ndilo la maana. Paruo bila tawi halina maisha marefu. Maparuo hutembelewa zaidi usiku, kwa hiyo usifunge kiti juu ya paruo lililo wazi kando ya malisho. Lile lililo ndani ya msitu, karibu na malalo, ndilo lenye nafasi mchana.

Malalo. Duara refu lililolalia majani, kama mita moja. Malalo matatu manne ya ukubwa tofauti pamoja ni jike na watoto. Lalo moja kubwa, peke yake, kwenye theluthi ya juu ya mteremko upande usiopigwa na upepo, ni la dume. Hapo upepo unamletea harufu za nyuma, na macho yanalinda bonde. Ukae pale penye lalo, utazame anachotazama yeye, utajua kwa nini umekuwa ukishindwa.

Mizoga. Mifupa karibu na kijito inaweza kuwa kumbukumbu ya EHD, ugonjwa unaoenezwa na usubi mwishoni mwa kiangazi na kukoma baridi kali ya kwanza ikipiga. Mgonjwa hupata homa na kukimbilia maji. Kentucky ilipigwa vibaya mwaka 2007 na tena 2017. Ukikuta mizoga kadhaa, punguza matarajio ya mwaka huo, na toa taarifa kwa idara. Ukimwona kulungu aliyekonda, anayetoa mate na asiyekuogopa, usimguse, ripoti.

Umefaulu ukiweza kuchora kwenye ramani mstari mmoja unaotoka malalo kwenda chakula, na kusema unapita wapi.

## Hatua ya 5: Jua chakula cha kila mwezi

Shamba linaloonekana limejaa Agosti linaweza kuwa tupu Oktoba, kisa chakula kimehama.

Majani ya soya yakiwa mabichi, kulungu hulala karibu nayo. Yakianza kuwa manjano Septemba, huyaacha kama watu wanavyotoka harusini chakula kikiisha. Wanakwenda kwenye kokwa za mialoni.

Kwa hiyo jifunze mialoni miwili tu. Mwaloni mweupe una jani lenye ncha za mviringo. Kokwa zake hukomaa mwaka ule ule na si chungu sana. Mwaloni mwekundu una jani lenye ncha kali zenye mwiba mdogo. Kokwa huchukua misimu miwili na ni chungu. Kulungu huanza na nyeupe. Nyekundu hubaki ardhini na kuwa akiba ya baridi. Mwaloni mweupe unaodondosha karibu na malalo mwanzoni mwa Oktoba ni bora kuliko klova yoyote utakayopanda.

Mialoni haizai sawa kila mwaka. Agosti chukua darubini, tazama juu, hesabu kokwa kwenye matawi ya miti yako kumi. Kama hamna kitu, uzito wa mwaka huo uko kwa jirani mwenye mahindi, na wewe uwinde korido.

## Hatua ya 6: Kamera kwa siku 14

Kuna njia ya kukadiria idadi aliyoielezea mtafiti Harry Jacobson wa Mississippi na wenzake mwaka 1997. Unaweka kamera moja kwa takriban ekari 100, kila moja mbele ya chambo, kwa siku 14. Kabla ya kuweka chambo, soma sheria: kwenye kanda ya CWD hakiruhusiwi, na nje ya kanda hiyo kuna miezi ambayo kuwalisha wanyamapori ni marufuku. Bila chambo, weka kamera kwenye vivuko na maparuo. Hesabu haitakuwa sahihi kiasi hicho, ila italinganishika mwaka hadi mwaka mradi usihamishe kamera.

Fanya mwishoni mwa Agosti, pembe zimekamilika na watoto wanaandamana na mama zao. Hesabu yenyewe ni hii:

Umepata picha 240 za madume. Ukiyatofautisha kwa umbo la pembe, ni madume 12. Gawanya: 12 kwa 240 ni 0.05. Picha za majike ni 520, zidisha kwa 0.05, unapata majike 26. Picha za watoto 280, unapata watoto 14. Jumla 52.

Usiende kumwambia mtu una kulungu 52 kwenye ekari 160. Hao ni waliopita mbele ya kamera, wengi wanalala kwa majirani. Cha kutumia ni uwiano. Majike kama wawili kwa dume mmoja ni hali ya kawaida. Watoto 14 kwa majike 26 ni zaidi kidogo ya mmoja kwa kila wawili, hali nzuri. Ungepata mmoja kwa majike watano, ningefikiria mbwa-mwitu wadogo wa huku, wale wanaoitwa koyote, au lishe mbovu.

Kingine cha kuangalia ni saa. Gawa picha za madume: za mwanga na za giza. Kama kati ya picha 100 tano tu ni za mchana, kamera iko jikoni. Isogeze kuelekea malalo uone kama saa zitabadilika.

Onyo kubwa. Dume uliyempiga picha Agosti si ahadi. Madume wa kiangazi hutembea kwa kundi; pembe zikishavuliwa ngozi Septemba, kundi huvunjika na wengine huhamia pembe nyingine ya eneo lao. Nao wadogo wa mwaka mmoja na nusu, wengi huondoka kabisa walikozaliwa. Usimlipe mtu kodi kwa sababu ya picha moja.

## Hatua ya 7: Umri kwa macho

Kwa ufupi. Wa mwaka na nusu ni jike aliyewekewa pembe: shingo nyembamba, miguu mirefu. Wa miaka miwili na nusu bado miguu inaonekana mirefu kuliko mwili. Wa mitatu na nusu ni farasi wa mbio: kifua kipana, tumbo limekatika. Wa minne na nusu kwenda juu ni fahali: shingo inaungana na kifua, mgongo umeanza kulegea, miguu inaonekana mifupi.

Mnyama akishaanguka, taya halidanganyi kama macho. Kulungu mdogo ana jino la tatu la shavuni, la chini, lenye vilima vitatu. Akifika kama mwaka na nusu hivi linang'oka na kuota lenye vilima viwili. Uchakavu wa meno ndio msingi wa njia iliyoelezwa na Severinghaus wa New York mwaka 1949, na bado inatumika. Omba majirani wakuhifadhie mataya. Madume wanne wa mwaka na nusu kutoka kwa jirani mmoja wanakwambia kwa nini kamera yako haina mzee.

## Hatua ya 8: Utaingiaje na utatokaje

Ndugu yangu mmoja wa Bukavu, aliyenifundisha mengi ya porini, alipoona ramani yangu ya kwanza iliyojaa alama aliniuliza swali moja tu: "Na wewe utapita wapi?"

Pua ya kulungu ndiyo serikali yake. Simama kila mahali ulipopanga kiti, mara tatu kwa saa tofauti, upulize poda. Vilimani upepo wa utabiri hautoshi. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa hupanda. Jioni hupoa na kuteremka bondeni taratibu, kama maji, ikibeba harufu yako mpaka kijitoni. Stendi ya bondeni iliyo nzuri asubuhi inaweza kuwa king'ora jioni.

Kisha njia. Kama kwenda kwenye stendi kunakulazimu upite malishoni gizani wakati wamejaa hapo wanakula, hiyo ni stendi ya jioni, na utahitaji namna ya kutoka bila kuwatimua. Mimi hutumia kijito: natembea majini, kingo zinanificha, sauti ya maji inafunika hatua.

Umefaulu ukiwa na stendi mbili kwa upepo wa kaskazini-magharibi na moja kwa upepo wa kusini, kila moja ikiwa na njia yake. Mahali pasipoingilika, hata pawe pazuri vipi, pafute kwenye ramani. Paache pawe pa kulala wao, watabaki karibu.

## Hatua ya 9: Uamuzi

Chukua karatasi moja. Andika juu: jikoni, chumba cha kulala, au korido. Chini yake: picha za mchana ngapi, uwiano wa majike kwa dume, dume mkubwa kuliko wote ana umri gani, stendi ngapi zinaingilika.

Chumba cha kulala chenye stendi mbili zinazoingilika, ningelikodi miaka mitatu mfululizo hata bila picha ya dume mkubwa. Korido ni shamba la Novemba: liache kabisa mpaka kama tarehe 5, kisha kaa kutwa, maana madume hutembea hata adhuhuri katikati ya mwezi. Jikoni tupu, picha zote za usiku, chukua majike yako ya nyama mwanzoni mwa msimu na uanze kutafuta shamba jingine kabla ya kulipa mwaka wa pili.

Mkataba ukikaribia kwisha, mpelekee mwenye shamba paja moja lililofungwa vizuri, kama anakula. Na mwambie ulipouona waya uliokatika karibu na kijito, kwenye kile kivuko cha tatu. Ng'ombe wake watapagundua muda si mrefu.